Moshi Ndani ya Chati

"Hiyo hapo," Kimeli alisema, akagonga chati kwa kidole chenye pete. "Mbili nukta tatu. Methili. Kresoli iko na methili, ama nimesahau kemia yangu?"

"Hujasahau," Chepkosgei alijibu. "Toa kidole, tafadhali. Unaweka jasho kwa karatasi."

Alikitoa kidole, lakini mwenyewe hakusogea. Tangu asubuhi meneja huyo wa kiwanda cha chai alikuwa amesimama nyuma ya kiti, akipumua juu ya bega la mwenzake. Na kama kuna kitu kinachomkera mkemia kuliko chupa isiyo na jina, ni mtu anayempumulia shingoni akingoja jibu ambalo ameshalichagua. Chepkosgei alishusha rula juu ya chati, akashusha pumzi pia, akaanza upya kutoka kulia.

Mambo yalikuwa hivi. Shehena ya chai ya Kimeli ilikuwa imerudishwa kutoka mnadani Mombasa. Waonjaji waliinywa, wakaitema, wakasema inanuka dawa. Kiwanda kikafuatilia siku na lori, kikafika kituo kimoja tu cha kununulia majani, Kaptulwo, kule mpakani na Wakisii, upande wa Chepilat. Karani akaenda kupekua kwa wakulima, na katika boma la mama mmoja aitwaye Yunia akapata chupa ya dawa ya kuoshea ng'ombe imewekwa kando ya kikapu cha majani. Nani hana chupa hiyo, kote Bomet na Kericho? Kila aliye na ng'ombe anayo. Lakini Yunia alikuwa Mkisii kati ya Wakipsigis, na chupa yake ndiyo iliyoonekana.

Ndani ya dawa ile mna kresoli, na kresoli ni aina ya fenoli. Ndiyo maana bosi wa maabara, Okoth, aliichemsha chai ile mbovu kwa mvuke, akakusanya matone ya mafuta yaliyobeba ile harufu, akayasafisha, akayatuma Nairobi kwenye mashine kubwa. Kisha akaenda Mombasa kuwatuliza wanunuzi. Chati iliporudi Kericho ilimkuta Chepkosgei peke yake, na Kimeli ameshafika.

Hakuwa mgeni wa jambo hilo, Chepkosgei. Kaptulwo ndiko alikozaliwa. Shamba la mama yake na la Yunia yanatenganishwa na ua wa miti tu, na alipokuwa msichana alichuma chai upande huu huku Yunia akichuma upande ule, wakitupiana maneno juu ya ua. Mwaka ule wa mishale, Wakipsigis na Wakisii walipopigana, nyumba ya Yunia ilichomwa. Wengi waliochomewa waliuza mashamba wakaenda zao. Yunia alirudi, akasimamisha mabati, akapalilia chai yake iliyokuwa imeota msitu. Sasa vijana wa Kaptulwo walikuwa wamemwambia, mchana, tena wakicheka, kwamba karatasi ikitoka Kericho na jina la dawa, asingoje kuambiwa ahame mara ya pili.

Basi Chepkosgei alikuwa anasoma chati akijua inasomewa nani.

Chati ya namna hii haikupi jina la kitu. Hukupa vilele juu ya mstari, vingine vyembamba, vingine vifupi vilivyobanana, na wewe ndiye wa kujua vinasema nini. Kila hidrojeni husimama mahali pake kulingana na jirani yake. Iliyo karibu na oksijeni husukumwa kushoto. Iliyojikalia mbali nayo hubaki kulia, karibu na sifuri. Juu ya kila kilele mashine huchora ngazi, na urefu wa ngazi hukwambia hidrojeni ni ngapi. Kazi yenyewe ni rula, penseli na kutokuwa na haraka, na huyo Kimeli alikuwa na haraka ya mtu anayekojoleshwa na baridi.

"Tatu," Chepkosgei alisema, akiandika chini ya kilele cha mbili nukta tatu. "Hiyo ni methili yako. Nakubali."

"Si nilikwambia?"

"Ngoja. Tatu tena, hapa kwa tatu nukta nane sita. Halafu moja, hiki kilima kipana cha tano na nusu. Walipotia tone la maji mazito wakatikisa, kilima kilipotea. Angalia chati ya pili, hakiko. Kwa hivyo hiyo ni hidrojeni ya fenoli yenyewe, hapo hatugombani." Alisogeza rula kushoto, kwenye vilele vilivyosongamana kati ya sita nukta sita na sita nukta tisa. Alipima ngazi mara mbili, maana hapo ndipo palipokuwa na roho ya mtu. "Na kwa pete ya kaboni, tatu."

"Tatu sawa. Kwani shida iko wapi?"

"Kresoli ingekuwa na nne, bwana Kimeli. Pete ya kaboni sita: fenoli imekalia moja, methili moja, zinabaki nne. Hapa nne haziko. Kuna kitu kingine kimekaa kwa hiyo nafasi." Aliweka ncha ya penseli juu ya kilele kirefu cha tatu nukta nane sita. "Ni hiki. Methoksi. Methili iliyoshika oksijeni."

Kimeli aliinama mpaka Chepkosgei akasikia harufu ya sabuni yake. Hakuwa mjinga, tusimwonee. Alisoma sayansi kabla ya kupewa kiwanda, na alijua mahali pa kuuma. "Hiyo si inaweza kuwa uchafu? Masalio ya methanoli. Nyinyi watu wa maabara mnaoshanga vyombo na methanoli."

"Methanoli ingekaa huku, kwa tatu na nusu. Na ingekuwa uchafu, isingetoka tatu kamili kwa tatu ya mwenzake."

Hakusema kwa kujigamba. Alisema kama mtu anayevuka mto akigusa kila jiwe kwa mguu kwanza. Akachukua vile vilele vya kushoto, akapima nafasi kati ya kimoja na kingine, akaona jozi moja imepanuka na nyingine imebanana, akazipanga hidrojeni kwenye pete: mbili jirani, moja peke yake ng'ambo. Kila kitu kikakaa. Moyo wake ukafanya kile unachofanya fumbo likifunguka, ukaruka, na kwa muda mfupi akasahau Kaptulwo na kila mtu wake.

"Hii inaitwa methilgwayakoli," alisema. "Haiko kwa dawa ya ng'ombe. Inatoka kwa mti ukiungua. Ulimi unaweza kusema dawa, harufu zao ni ndugu. Lakini hii chai haikutiwa dawa na mtu. Imekula moshi."

Kimeli alinyoosha mgongo. Moshi kiwandani una mwenyewe, na mwenyewe ni mashine ya kukausha majani, draya, inayopashwa moto kwa kuni. Draya ikivuja, anayepoteza kazi si mkulima. Chepkosgei aliona jambo hilo likipita usoni pake, akaona pia likiisha, na Kimeli akaanza kutabasamu polepole.

"Draya yangu ni moja," alisema. "Majani ya vituo vyote yanapita hapo. Chai ya vituo vingine ya siku hiyo tulikuletea pia. Mliionja hapa. Ilikuwa na moshi?"

Chepkosgei alitamani kusema ilikuwa nao. "Haikuwa," alisema.

"Basi moshi ulikuja na majani. Kutoka Kaptulwo." Kimeli alivaa koti. "Dawa ama moshi, kwangu ni sawa. Chai imerudi, wakulima wanataka kujua ni nani, na kesho saa tatu niko na baraza hapo kituoni. Utakuja useme mwenyewe, kwa mdomo wako, juu mimi nikisema watasema nalinda kiwanda. Lakini uje na mtu, Chepkosgei. Usipokuja na mtu, wao wako naye tayari."

Ndipo Chepkosgei alipokumbuka.

Ilikuwa baada ya zile mvua kubwa. Alikwenda nyumbani kumwona mama yake, akamkuta anacheka peke yake. Lori la majani lilikwama kwenye matope lisifike kituoni, na sheria inajulikana na kila mtu: majani yaliyolala hayauzwi, yanamwagwa. Yakilala guniani yanapata moto wenyewe kwa wenyewe, yanageuka mekundu, yanaharibu na ya wenzake. "Wengine wamemwaga," mama yake alisema siku hiyo. "Mimi sikumwaga hata jani moja. Nimeyauza kesho yake, mabichi kabisa, na karani hakuona kitu." Chepkosgei alikuwa amechoka na safari. Alikunywa mursik yake, maziwa ya mgando ya kibuyu, akasema vizuri mama, wala hakuuliza yalilala wapi.

Sasa alikuwa anajua yalilala wapi. Kuna mahali pamoja tu katika nyumba ya mama yake ambapo kitu huwekwa ili kisioze.

*

Jioni hiyo pikapu ya Kimeli ilimshusha kwenye njia panda, akashuka mteremko kwa miguu kati ya mashamba ya chai. Alimkuta Taprandich, mama yake, jikoni, akisugua ndani ya kibuyu cha maziwa kwa kijiti kilichochomwa, kama wafanyavyo Wakipsigis tangu zamani ili maziwa yakae. Hawakusalimiana sana. Mama alimtazama mara moja tu akajua mtoto amekuja na neno.

"Yale majani ya siku lori lilikwama," Chepkosgei alisema kwa Kikipsigis, akiwa bado amesimama. "Uliyaweka wapi?"

Taprandich aliinua macho juu. Hakuficha, na hilo ndilo lililomuumiza Chepkosgei zaidi. Mama yake alikuwa bado anaona fahari.

Juu ya meko palikuwa na dari ya fito, tabut, mahali pa mahindi ya mbegu na vibuyu na kuni za mvua. Moshi wa miaka yote ulipita hapo kabla ya kutoka kwenye paa, na fito zilikuwa nyeusi zinazong'aa. Chepkosgei alipanda ngazi. Katikati ya fito mbili palikuwa na majani ya chai yaliyokauka, machache, yamenasa. Alichukua moja, akalisugua kwa vidole, akalinusa. Hakuhitaji mashine ya Nairobi.

"Niliyatandaza membamba," mama yake alisema kutoka chini. "Si rundo. Ningeyaacha guniani yangepata moto. Huko juu yalilala baridi kabisa. Na moto wangu ulikuwa mdogo, wa kuyazuia yasipate unyevu. Moshi hauharibu kitu, lakwet, mwanangu. Maziwa bila moshi yanaoza. Mbegu bila moshi zinaliwa na wadudu. Wewe mwenyewe umekuzwa na moshi."

"Chai inakunywa moshi, mama. Inakunywa kila kitu. Hiyo ndiyo iliyorudishwa Mombasa."

Taprandich aliacha kusugua.

"Si dawa?"

"Si dawa. Hakuna dawa hata tone."

Mama yake alikigeuza kibuyu mapajani. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mwenye sauti katika kundi la akina mama, na hakuzoea kukosa la kusema. Alipolipata, alilisema chini chini.

"Si mimi peke yangu. Niliwaambia na wengine siku ile. Bot Kipkurui, mwenzetu wa kanisani, alifanya, na wale wa kule chini. Tulifurahi kwamba tumepata njia."

"Na Yunia?"

"Yunia hakuwepo. Yunia si wa kundi letu." Akafuta kijiti kwa jani. "Nilisikia yeye alimwaga."

Kwa hivyo mtu aliyejulikana kushika sheria ndiye aliyekuwa anangojewa na vijana. Chepkosgei aliketi kwenye kigoda. Alisikia hasira, halafu akasikia huruma, halafu hasira ikarudi imevaa viatu.

"Ulisikia. Na wakati wanasema ni yeye, ulisema nini?"

"Nilisema labda." Taprandich alimtazama usoni. "Nilidhani ni dawa kweli. Ungenitaka nimtetee juu ya kitu nisichokijua? Karani alipata chupa. Mimi nilijua nini juu ya vilele vyenu?"

"Sasa unajua."

"Sasa najua. Na wewe unajua, na hakuna mwingine." Mama aliweka kibuyu chini, taratibu, kama kitu chenye mtoto ndani. "Sema moshi ni wa kiwanda. Draya inavuja, nani atakukatalia? Wewe ndiye unayesoma. Kimeli atabishana, lakini watu hawampendi Kimeli. Yunia atapona, mimi nitapona, na wote watalala."

Tusimpambe Chepkosgei. Wazo hilo alikuwa amelibeba tangu njia panda, na lilikuwa tamu. Lingemharibia nani? Meneja mwenye pete na sabuni. Lakini aliwafikiria wale wapasha moto wa draya, watu wawili wa usiku ambao Kimeli angewafukuza kabla ya saa sita mchana, na akajua Okoth angerudi kutoka Mombasa, aichukue ile chai ya vituo vingine, safi, aiweke mbele yake mezani bila kusema neno.

"Haiwezekani, mama."

"Basi sema hujui. Kutojua si dhambi."

"Nikisema sijui, kesho jioni Yunia hana nyumba."

Taprandich akasema neno ambalo hata yeye, baada ya kulisema, alionekana kutamani kulirudisha mdomoni. "Yunia ana kwao. Ana pa kwenda. Wakinifutia nambari yangu ya kuuzia chai, mimi nitakwenda wapi?"

"Kwao ni hapo, ng'ambo ya ua," Chepkosgei alisema.

Walikula, wakalala. Mmoja wao alipogeuka kitandani mwenzake alikuwa macho.

*

Asubuhi kituo cha Kaptulwo kilijaa. Wakulima walikuwa wamekuja na vikapu vyao kama siku yoyote, maana chai haingoji baraza, na vikapu vilikuwa vimepangwa ukutani chini ya paa la mabati. Vijana walisimama nyuma, mikono mifukoni. Yunia alikuwa amesimama upande wake peke yake, kanga kichwani, na amezungukwa na nafasi tupu ambayo hakuna aliyeipanga na kila mtu aliiheshimu. Akina mama wa kanisa waliketi pamoja. Taprandich alikuwa katikati yao.

Kimeli alisema machache. Akamwita "binti yetu wa maabara", akampisha.

Chepkosgei alitandaza chati juu ya meza ya kukagulia majani, akaishikilia kwa mawe mawili. Walioweza kuona waliona mstari wenye miiba. Aliwaeleza kwa Kiswahili ili wote wasikie, na alieleza kama alivyofundishwa, bila kuruka: kwamba kila kilele ni hidrojeni na hukaa kulingana na jirani yake, kwamba dawa ya ng'ombe ingeweka nne hapa, na hapa ziko tatu, kwamba hiki kirefu katikati hakiwezi kutoka kwa dawa yoyote ya ng'ombe inayouzwa Sotik au Kericho.

"Kwa hivyo si dawa," alisema. "Chupa ya mama Yunia haikuingia kwa hii chai. Hata kidogo."

Watu walinong'ona. Kijana mmoja nyuma akauliza, "Na ni nini?"

"Ni moshi."

"Ya kiwanda," mzee mmoja alisema haraka, na wengine wakadaka. Ya kiwanda, ndiyo, draya, tumesema siku nyingi hiyo draya ni mzee. Sauti zilianza kupanda. Chepkosgei alimwona mama yake amefumba macho, na midomo yake inatembea, kama anaomba.

Kimeli aliinua mkono. Alieleza habari ya chai ya vituo vingine, draya ile ile, siku ile ile. "Muulizeni yeye kama nadanganya."

Wote wakamgeukia Chepkosgei. Hapo ndipo njia ilipokuwa bado wazi. Kichwa kikitikiswa mara moja kingetosha.

"Hadanganyi," alisema.

Kimeli aliuliza ni nani wa Kaptulwo aliyeleta majani yenye moshi, na macho ya watu, kwa mazoea tu, yakaanza kurudi pale kwenye nafasi tupu. Wamekosa dawa, watashika moshi. Kwa Yunia pia kuna moto.

"Wewe Yunia," Kimeli alisema. "Siku lori ilikwama, majani yako ulipeleka wapi?"

"Nilimwaga." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Kwa shimo ya mbolea. Si nyinyi mlisema tumwage? Nimesema tangu siku ya kwanza. Nilisema kwa karani, nikasema kwa chifu. Hakuna mtu aliniuliza mara ya pili."

Chepkosgei alizunguka meza. "Majani ya siku hiyo yalilala kwenye tabut," alisema, na hakutambua kwamba amebadilisha lugha, kwamba anasema Kikipsigis. "Juu ya moto, mpaka asubuhi. Kisha yakachanganywa na mabichi. Jana nimepanda ngazi nikaona mahali yalipolala. Ni nyumbani..."

"Nyamaza," mama yake alisema.

Taprandich alikuwa amesimama. Alifunga leso kiunoni vizuri, kama anayejiandaa kuchuma. "Si yeye wa kusema. Mimi nina mdomo." Akageukia upande wa Yunia, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili asikie mwenyewe bila kutafsiriwa. "Ni mimi. Mimi niliweka majani kwa tabut. Nilifikiri moshi ni kitu mzuri. Sikujua itaharibu. Lakini vile walisema ni wewe, sikusema kitu, na hiyo nilijua." Aliwatazama wanawake walioketi karibu naye. "Sikuwa peke yangu. Hao wengine wako na midomo yao."

Akangoja. Wote waliokuwa pale wanajua alingoja muda gani. Bot Kipkurui alikuwa anaangalia kucha zake. Hakuna aliyesimama.

Kimeli alisafisha koo, akasema sheria ni sheria, nambari ya mama huyu imesimamishwa mpaka kamati ikae. Karani akachukua kikapu cha Taprandich kutoka kwenye mstari, akakiweka kando, kikiwa kimejaa. Vijana walianza kutawanyika bila kumtazama mtu, wamenyimwa kazi waliyoijia, na mmoja wao alipita karibu na Yunia akasema pole kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia. Yunia alikuwa ameshageuka, anaondoka.

*

Chepkosgei alimfuata. Alikunja chati ovyo, akashuka njia ya mashambani karibu akikimbia, na nyuma yake akasikia nyayo za mama yake. Alidhani mama atakata kona nyumbani kwao. Taprandich alipita kona, akaendelea kuja, mbali kidogo.

Boma la Yunia lilikuwa limebadilika. Mabati ya jikoni yalikuwa yameng'olewa, yamepangwa, na fito zilibaki uchi dhidi ya mawingu. Uani palikuwa na mkokoteni wa ng'ombe umejaa mpaka juu: kitanda, magodoro, gunia la mahindi, mabati yale yale, vyote vimefungwa kwa kamba iliyopita mara nyingi. Ng'ombe wawili wa kulima walikuwa wamefungwa nira, wanatafuna, mkia wa mmoja ukipiga nzi.

"Mama Yunia," Chepkosgei alisema. "Imeisha. Hakuna mtu atakusumbua sasa."

Yunia aliutazama ule mzigo kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Wewe ulijua lini?"

"Ya dawa, jana mchana. Ya tabut, jana jioni."

"Jana jioni ulikuwa hapo." Alionyesha ua kwa kidevu. "Hapo tu. Na mimi nilikuwa hapa, nafunga godoro. Si ungeruka ua uniambie?"

Chepkosgei alifungua mdomo. Alikuwa na majibu, mtu aliyesoma hakosi majibu: kwamba alitaka kuhakikisha, kwamba ingefaa isemwe mbele ya wote. Kila jibu alilolishika lilikuwa jepesi mno. Jana jioni alikuwa bado anachagua, na huo ndio ukweli, na Yunia alikuwa ameshauona.

"Sikuja," alisema. "Nisamehe."

Yunia alitikisa kichwa, si ndiyo wala si hapana. Kisha akamwona Taprandich, aliyekuwa amesimama nje ya lango, mkono juu ya mti wa ua, hajui kama bado anaruhusiwa kulipita lango hilo. Walitazamana. Walikuwa wanawake wa rika moja, walioombana chumvi miaka na miaka.

"Ingia, mama Chepkosgei," Yunia alisema mwishowe. "Lakini viti hakuna. Viti viko chini ya kitanda."

Taprandich aliingia hatua chache, akasimama. Yunia alikwenda kwenye mkokoteni. Aliligusa fundo kubwa la kamba, akalizungusha kidogo kwa kidole gumba, akaliacha. Akapitisha mkono kati ya kamba, mpaka begani, akapapasa ndani, akavuta sufuria moja, na vikombe vitatu kimoja kimoja, bila kulegeza kitu. Akaingia kwenye jiko lisilo na paa, akachutama mbele ya mafiga, akapuliza majivu.

"Kuni zimeisha," alisema, si kwa mtu yeyote.

Taprandich aliinama pale pale uani, akaanza kuokota vijiti vilivyoanguka wakati mabati yanang'olewa. Yunia alimsikia. Hakumwambia aache wala hakumshukuru, na hakuna aliyekwenda kuwafungua ng'ombe nira.